Siagi ya Mama Ndani ya Pikipiki

Nilipofunua chungu cha siagi nikakikuta kitupu, nilipiga ukelele hata jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeona nyoka. Heri ingekuwa nyoka. Siagi ile ilitoka kwa mama yangu, juu kwenye vilima vya Masisi. Aliisukasuka mwenyewe kibuyuni, akaiacha ikae mpaka ikapata ile harufu kali ambayo wengine wanaikunjia pua, na sisi tuliolelewa na ng'ombe tunaiita manukato. Nilikuwa nikijipaka kidogo tu, siku za Jumapili, kabla ya misa. Sasa chungu kilikuwa kimefutwa mpaka chini.

Mume wangu alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya pikipiki yake, mikono inameremeta hadi viwikoni. Jibu nililiona kwa macho, ila niliuliza kwa sauti ya kusikika ziwani.

"Mafuta yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya furshi," akasema, bila hata aibu.

Furshi ndivyo tulivyoita ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. Ndani yake mna resori, yaani springi zinazobonyea pikipiki ikikanyaga jiwe, na mafuta ya kuzituliza zisirukeruke. Pikipiki yetu ilikuwa ya hali ya chini kabisa katika Goma ya miaka ile ya hamsini, tena kuukuu. Ilitoka kwa Mzungu mmoja wa shamba la pareto, na nadhani siku alipoiuza alilala vizuri. Furshi yake ilikuwa imechoka. Njia zetu zilikuwa za mawe ya volkano, meusi, yenye meno, na kila jiwe lilipanda kwenye mikono ya dereva likaishia mgongoni mwa abiria. Abiria nilikuwa mimi.

Mimi ningevumilia. Ila sasa abiria angekuwa mama. Mwiba ulikuwa umemchoma mguu zizini, akaupuuza kama alivyopuuza kila kitu, na habari tuliyoletewa ni kwamba uvimbe umefika gotini na mguu umebadilika rangi. Muuguzi wa zahanati ya kule alisema apelekwe hospitali ya Goma upesi, la sivyo mguu utakatwa, au yeye mwenyewe atazikwa. Kaka zangu walikuwa mbali, kwenye migodi. Wanaume wa kilima chetu, ambao zamani wangembeba mgonjwa kwa machela mabegani, walikuwa wamechukuliwa kazi za barabara. Ikabaki pikipiki, na mwenye kuiendesha ni mume wangu.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo jingine, kubwa kuliko mawe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hasemi naye ana kwa ana, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anajitia vichakani. Tangu nilipoolewa, mama na mume wangu walizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa chumba kimoja wamepeana mgongo. "Mwambie mama yako ng'ombe wake ni wazuri." "Mwambie mume wako nimesikia." Nilichoka kuwa mdomo wa watu wawili wenye midomo yao.

Basi mume wangu, ambaye alikuwa seremala na hakuogopa chuma wala mti, akaamua kuitengeneza furshi ili mama asiumie. Resori za zamani alizitupa. Akachukua nyingine ndogo ngumu kwenye injini ya kamyo, yaani lori, iliyokufa, akazipanga moja juu ya nyingine. Akakata pete za ngozi ya ng'ombe ili mafuta yasivuje. Mpaka hapo nilimsifu. Lakini mafuta mazito ya kutia ndani aliyakosa, na yale mepesi yakavuja yote usiku mmoja. Ndipo akakumbuka chungu changu.

"Papa yangu alilainisha ngozi na mafuta ya ngombe," akaniambia. "Alilainisha upinde. Alilainisha ngoma. Chuma ni nani?"

Akanipandisha nyuma, akaendesha kuelekea uwanja wa ndege juu ya mawe yaleyale yaliyozoea kuning'oa meno. Nikangoja kuumia. Sikuumia. Pikipiki ilipanda na kushuka taratibu, nikashtuka kuliko nilivyoshtuka mbele ya chungu kitupu. Nilitaka kuendelea kununa, ila nilishindwa.

Tulipanda Masisi kesho yake, jua likiwaka, na furshi ikafanya kazi yake mpaka juu. Mama tulimkuta amelala kwenye mkeka. Mguu ulikuwa mnene na mweusi chini ya goti, na harufu yake sitaieleza. Nikamwambia kesho alfajiri atapanda pikipiki, amshike mume wangu kiunoni.

"Mi nishike mukwe yangu? Ku tumbo?" Akafunika uso. "Afazali nikufe."

"Basi kufa, mama!" nikamwambia.

Maneno yalinitoka kabla sijayaona. Mama akaufunua uso akanitazama, nami nikalia kwa hofu ya kinywa changu mwenyewe. Kumbe machozi hayo ndiyo yaliyomshinda. Tukakubaliana: atajifunika blanketi kichwa kizima, na katikati yao nitaweka mto wa majani makavu, ili asiseme kwamba amemgusa. Heshima ina njia zake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni na baridi ilikuwa ya kuuma vidole. Tulimketisha mama, tukamfunga mguu kwenye ubao. Mume wangu akaushika usukani, akausukuma chini kuijaribu furshi. Haikubonyea. Akaulalia kwa uzito wake wote. Wapi. Ilikuwa ngumu kama nguzo ya nyumba.

Nikaingia ndani, nikafunua kibuyu cha mama nikachovya kidole, na kidole hakikuingia. Siagi ilikuwa imeganda mithili ya sabuni. Wote wawili tulizaliwa kwenye baridi hiyo. Wote wawili tulijua tangu utotoni kwamba siagi huganda usiku, na hakuna aliyekumbuka, kwa sababu ilikuwa ndani ya mashine.

"Tutaenda polepole," akaninong'oneza. "Itayeyuka mu njia."

Akaondoka kwa mwendo wa miguu, nami nikikimbia nyuma yao kwenye mteremko. Jiwe la kwanza halikuwa hata kubwa. Mama alipiga yowe lililowasimamisha ng'ombe wa upande wa pili wa bonde. Halafu likaja jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani mwangu: mkono wake ukatoka ndani ya blanketi, ukaruka ule mto wa majani, ukampiga mume wangu ngumi ya mgongo.

"We mwanaume! Unaniuwa!"

Nilisimama nikiwa na mguu mmoja hewani. Alikuwa amesema naye. Mume wangu akazima injini, akashuka huku akimshikilia asianguke, uso ameuelekeza bondeni.

"Ambia mama yako," akaanza kuniambia, "ambia ye kama..."

"Hapana ambia ye!" mama akafoka. "Ambia mi! Muguu ni yangu!"

Basi akamwambia. Aliliambia bonde, kweli, ila aliyeambiwa ni mama. Akaeleza habari ya resori na ngozi na mafuta yaliyovuja, mpaka akafika kwenye chungu. Mama akainua kichwa chini ya blanketi.

"Mafuta yangu?"

"Yako, mama."

"Mafuta nilimutumia mutoto yangu apakae, we unapakaa chuma? Na baridi hii?" Nikafumba macho nikingoja laana. "Sasa munangoja nini? Mafuta ikilala, banaipasha moto."

Moto hatukuweza kuuwasha karibu na petroli. Nikakimbilia nyumba iliyokuwa juu ya njia, nikaomba maji ya moto waliyokuwa wameyabandika kwa uji. Niliporudi na sufuria sikuwa na kitambaa cha kuloweka. Kitenge nilichovaa kilikuwa kimoja. Nikawa nazunguka nikitukana ovyo, ndipo mama akalivuta blanketi kichwani mwake, akanirushia.

Kichwa chake kikabaki wazi, nywele nyeupe zimesimama, mbele ya mkwe wake, mchana kweupe. Sisi kwetu ni kama kuvua nguo. Mume wangu alijigeuza kwa haraka hata akajigonga kwenye usukani. Mimi nililoweka blanketi kwenye maji ya moto nikaizungushia furshi, mikono ikiniungua, nikisema moyoni: Mungu wangu, leo dunia imekwisha.

Haikuisha. Harufu ya siagi ilianza kutoka kwenye zile pete za ngozi, kisha mume wangu akausukuma usukani, na mbele pakashuka, pakapanda. Wakaondoka. Mama hakuuliza tena habari ya mto wa majani, nao nikauona pembeni ya njia walipokwisha kupinda kona.

Mimi nilishuka kwa miguu hadi Sake, nikapata kamyo ya mbao. Njia nzima niliuona ule mguu mweusi. Nilipofika hospitali ya Goma jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Sake. Mtu mmoja akanielekeza chumba cha mwisho, nami sikubisha hodi.

Daktari Mbelgiji alikuwa ameinama na kisu mkononi. Damu na usaha vilikuwa kwenye beseni. 

"Banakata muguu?" nikapiga kelele. "Banamukata?"

"Pole pole, mama," muuguzi akasema. "Muguu inabakia. Tunatoa uchafu tu. Bamefika mapema."

Nilikaa chini sakafuni palepale. Ndipo nikaona mguu wenyewe ulivyoshikwa. Wauguzi wengine walikuwa wameitwa kwa mwanamke aliyekuwa akijifungua, huyu mmoja alishika beseni, na daktari alitaka mtu wa kuuinua usitikisike, akamvuta yule aliyekuwa karibu. Mume wangu alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, paja la mama mkwe wake wazi mbele yake, kisigino mkono mmoja, chini ya goti mkono wa pili. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso na kuyafumba macho kabisa, jasho linamtiririka, na mguu unaanza kumteleza mikononi.

Mama alimtazama, mdomo ameuuma kwa maumivu.

"Fungua macho, mutoto yangu," akamwambia. "Utaangusha muguu."

Akayafungua, akamtazama usoni.