Maji ya Mwenyekiti Yako Ziwani

Jumatatu nilikuwa ofisi ya maji, Mbinga mjini, nikisubiri barua yangu igongwe muhuri. Wakaingia mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha milimani na bibi mmoja, mjumbe wake. Kisima chao kinakauka, na mwenyekiti aliomba kichimbwe kirefu zaidi.

"Tabianchi imebadilika, mheshimiwa," alimwambia ofisa. "Mvua inakuja kwa fujo siku mbili, kisha inatoweka."

Bibi alikuwa akifunga na kufungua pindo la khanga yake.

"Mwanangu, hiyo mvua ya fujo si imetunyeshea sote? Kwangu nalima kwa mashimo ya ngolo, kila shimo lilijaa, maji yakazama taratibu. Wewe shamba lako liko juu ya kisima. Umefukia mashimo ya marehemu baba yako, ukapiga matuta yanayoshuka na mlima. Maji yako yako wapi?"

Mwenyekiti alikuna shingo.

"Yako Ziwa Nyasa," bibi alijijibu kwa upole. "Kayachote huko."

Nilicheka njia nzima. Nilipofungua geti kicheko kikakatika: uwanja wangu wote nimeumwagia zege, ukuta kwa ukuta. Na barua niliyogongewa muhuri ni ya kuomba kisima changu kichimbwe kirefu zaidi.