Wazee Wanane na Misa ya Kipolandi

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari, mwanangu, baridi ya kukata masikio, nikiwa mwanafunzi hapa Minneapolis na mwenyekiti wa kwaya yetu ya Kiswahili. Tulisali katika kanisa kuukuu la matofali lililojengwa na Wapolandi waliokuwa vibarua wa viwanda vya unga kando ya mto. Kila Jumapili wao walianza misa yao asubuhi, nasi tulifuata. Ila wao walikuwa wamebaki wazee wanane tu, na sisi tulijaa hadi mlangoni. Wengine wetu walitoka Burnsville, wengine Champlin, vitongoji vya mbali.

Siku hiyo misa yao ilichelewa kwisha, nami ujana ukanipanda kichwani. Wangali wanaimba wimbo wa mwisho, niliingia na ngoma, nikaanza kuzipanga mbele ya altare na kuzigonga kidogo kuzijaribu. Wimbo wao ukakatika. Padre aliponiuliza kulikoni, nilimjibu bila kupunguza sauti kwamba wazee wanane wangetosha kusali katika chumba cha chini ya kanisa.

Bibi Helena, mjane wa Kipolandi aliyetunza sakristia, yaani chumba cha mavazi ya padre, alinishika mkono, akaniteremsha ngazi hadi chumba hicho hicho cha chini. Dari lilikuwa chini, na unyevu ulinuka. Alinieleza kwamba bibi yake alipofika mji huu, wahamiaji waliotangulia waliwapa Wapolandi chumba kama hiki chini ya kanisa lao, maana lugha yao ilionekana kelele. Ndipo walipojinyima, wakajenga la kwao.

"Mlipoomba nafasi," akasema, "wenzangu walitaka tuwaweke humu. Nilikataa. Nikawaambia, hakuna atakayemwimbia Mungu chini ya miguu yetu."

Nilitamani ardhi inimeze. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilimtukana mkunga nikiwa bado mikononi mwake.

Jumapili iliyofuata niliwaomba radhi wote wanane, kisha nikamwomba Bibi Helena anifundishe ule wimbo. Kipolandi si mchezo, kilinitoa jasho. Lakini ilipofika Pasaka kwaya nzima iliujua, tukasali misa moja pamoja, na yule mama akaimba huku machozi yanamtoka. Makanisa mengine ya jirani yalikuja kufungwa kwa kukosa watu. Letu lipo mpaka leo.

Sasa nasikia ninyi vijana mnanung'unika kwamba familia kutoka Ekwado zimeomba zipewe saa moja kati ya saa zetu za misa. Mnasema sisi ndio wenyeji. Mwanangu, uenyeji ni zamu. Wapeni saa nzuri, si ile iliyobaki. Jifunzeni japo wimbo wao mmoja. Na ukikosea, kaombe radhi pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale.

Mungu akupe moyo wenye nafasi, na popote utakapobisha hodi ukiwa mgeni, akukutanishe na wa kukukaribisha.