Wajina Wangu Atakuja Lini

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, wa pili la mama mzaa mama, na ukithubutu kuruka zamu utaulizwa na ukoo mzima mpaka uzeeke. Kwa hivyo katika nyumba yetu ya kupanga hapa Kileleshwa ninaishi na mama mkwe wangu mwenye miaka saba na mama yangu mzazi mwenye miaka minne. Mkubwa hunipa amri. Mdogo hukataa kuvaa soksi.

Mama mkwe mwenyewe yu hai, ana nguvu kuliko mimi, na kila shule zikifungwa hutoka Ukambani kuja kumwona wajina wake. Nasema wajina wake kwa sababu ndivyo anavyosema yeye. Sisi wengine hutukuta tu kwa kuwa tunakaa nyumba moja. Huingia, huweka chini mfuko wa pojo na kuku aliyefungwa miguu, kisha huita jina lake mwenyewe kwa sauti ya kujivunia. Binti yangu mkubwa hutoka chumbani mbio.

"Mimi nimekula?" humuuliza akimpapasa mashavu. "Mimi nimekuwa mrefu hivi?"

Huo ndio utani wao. Mdogo husimama kando ya kochi, kidole mdomoni, akimtazama mtu akijipenda mara mbili.

Sitaki kumsingizia mama wa watu. Mdogo naye hubebwa, hupewa muwa, hutaniwa. Lakini kiondo kidogo kilichofumwa kwa mkono huenda kwa wajina, na usiku ni wajina anayelala na susu, nyanya yake. Ndiyo mila, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mauti, ambayo hayana pa kushtakiwa.

Mama yangu alifariki nikiwa na mimba ya huyu wa pili. Mara ya mwisho tulipokaa pamoja aliniwekea mkono tumboni, mkono mkavu wa mtu aliyelima maisha yake yote, akasema, "Huyu ni mimi. Usinilishe ugali baridi." Tulicheka mpaka akakohoa. Binti alipozaliwa nikampa jina lake, na wiki za kwanza nilishindwa kulitamka bila kulia. Mpaka leo humwita "mama" tu.

Likizo ya Agosti iliyopita niliwaambia watoto kwamba susu anakuja. Mdogo akaacha chakula.

"Mbona wake anakujanga na wangu hakujangi?"

Nilimwambia wajina wake alikufa. Nilikuwa nimemwambia hivyo mara nyingi. Akaitikia kwa kichwa, akatafuna kidogo, akauliza, "Sawa. Sasa atakuja lini?"

Baba yao akatazama sahani yake. Mimi nikaenda kuwasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Jumamosi hiyo niliwapeleka Kenyatta Market kusukwa. Mkubwa hulia tangu kitana kinapoonekana, na alilia. Mdogo alikaa kimya kabisa, machozi yakimtoka bila sauti, shingo imekaza. Msusi akastaajabu.

"Na wewe mrembo, hupigi kelele? Kwani kuna party?"

"Wajina wangu anakuja," akasema. "Nataka anipate nikiwa smart."

Msusi akanigeukia kwa tabasamu kubwa. "Aki ni poa sana! Cucu yake bado ako?"

Nilitikisa kichwa kwamba hapana, nyanya hayuko. Mikono ya msusi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kusuka, polepole zaidi. Nilitamani kumfungua mtoto zile nywele, nimrudishe nyumbani, nimkanye asimngoje mtu. Lakini nitamkanyaje, na mimi mwenyewe namngoja? Miaka yote hii, shule zikifungwa, sehemu fulani ya moyo wangu bado hutega sikio mlangoni.

Susu alipofika, mambo yalikwenda kama kawaida. Kuku, pojo, "Mimi nimekula?" Mdogo hakusimama kando ya kochi safari hii. Alishuka ngazi akakaa kwenye kiti cha askari wa geti, miguu ikining'inia, akakataa kupanda hata kwa kuahidiwa soda. Nilikwenda mara mbili, nikarudi mikono mitupu. Mara ya tatu mama mkwe akafunga lesso kiunoni, akashuka yeye.

Nikamfuata nyuma, nikiwa tayari kugombana. Mwanamke huyu hana maneno laini, na nilijua siku hiyo ningesahau adabu zote nilizofunzwa.

"Unangoja nani?" akamuuliza.

"Wajina wangu."

"Wajina wako alikuwa mama ya mama yako. Alikufa. Mimi nilikuwa kwa mazishi, nilipika. Hawezi kuja na gari." Akainama, magoti yakimlalamikia, mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Lakini jina lake lilikuja, likakaa kwako. Ni wewe. Sasa unangojaje kwa geti mtu ambaye alishafika?"

Mgala muue na haki yake umpe.

Askari alikuwa amezima redio yake. Kisha binti yangu akateremka kitini, akanijia nilipokuwa nimesimama ukutani, akanitazama kama anayenifahamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni wewe ulikuwa unaningoja?"

"Ndiyo, mama."

"Si nimekuja."

Akanikumbatia kiunoni, akanipiga-piga mgongo jinsi ninavyompiga yeye akiwa na homa, akaniambia ninyamaze, basi, ninyamaze. Yeye alikuwa amempata wajina wake, nami nilifurahi, naapa nilifurahi. Lakini kichwa chake kilinifika tumboni tu, na mimi nilikuwa namtaka yule ambaye ningemwekea changu begani.