Bi Kizee wa Redioni

Nyumbani kwetu Mishomoroni asubuhi ilianza na sauti ya mtu ambaye uso wake hatukuujua. Alikuwa na kipindi kifupi kwenye redio moja ya hapa pwani, baada tu ya taarifa ya habari, na kazi yake ilikuwa kuwaiga wanasiasa. Leo alikuwa mbunge anayezindua mfereji usio na maji, kesho waziri anayeomba radhi bila kujua kosa lake. Mama alimsikiliza huku akichoma mahamri. Akicheka, alicheka mwili mzima mpaka ashike ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ofisini Changamwe, na mara nyingi nilichelewa kutoka kwa makusudi, ili nimwone tu akicheka.

"Huyu yuna ulimi," alikuwa akisema, akijipangusa macho. "Iko siku watamkata."

Ulipofika msimu wa kampeni, mgombea mmoja alikuja mtaani kwetu. Mifereji ilikuwa mikavu kwa muda, tukinunua maji ya mkokoteni. Mama akaenda uwanjani, akakaa juani na wanawake wenzake, akarudi na leso mpya na pakiti ya unga.

"Na wewe pia, mama?" nikamuuliza.

"Nilikwenda kumwambia habari ya maji. Nimemshika mkono, nimemwambia. Hii leso nimepewa nikitoka. Ningemtupia?"

Siku chache baadaye, yule wa redio akaja na mtu mpya: bi kizee wa pwani aliyeuza miaka yake mitano kwa leso. Alimwiga barabara, mpaka ile "mwanangu" inayovutwa mwishoni, mpaka mguno wa goti linalouma. Bi kizee akampa shikamoo mgombea aliye na umri wa mjukuu wake, na mgombea akaitikia marahaba bila haya. Kisha bi kizee akaomba aongezwe na sukari.

Jirani walicheka, tukawasikia kupitia ukutani. Mama hakucheka. Ile leso alikuwa ameivaa.

"Wale wakubwa huwaiga sauti," alisema, akigeuza mahamri. "Swiswi ametuiga shida zetu."

"Ni mzaha tu, mama."

"Najua ni mzaha. Na asemalo ni kweli, wallahi. Lakini angeniuliza kwanza nilikwenda kufanya nini."

Akazima redio.

Sikujua niwe upande gani. Nilipokuwa ofisini nilimtetea yule mtu, kwa kuwa kura zetu tulikuwa tukizitoa kwa bei ya chini kweli, na asipotwambia yeye, nani mwingine angethubutu? Nikirudi nyumbani, nikimwona mama akiikunja ile leso na kuiweka chini kabisa ya sanduku, nilitamani nimpate yule mtu nimzabe kofi.

Asubuhi zikawa za kimya, hakuna ila mlio wa mafuta. Mwishowe mama mwenyewe akachoka. "Hebu mfungulie huyo mshenzi tumsikie," akasema. Tukamfungulia. Alicheka tena, lakini sauti ya bi kizee ikianza tu, alichukua ufagio akatoka uani.

Baada ya uchaguzi kipindi kilikatika bila yeye kutuaga. Wengine walisema amenunuliwa, wengine wakasema ametishwa. Mwaka uliofuata mama aliugua, akatutoka.

Picha zake ninazo nyingi. Sauti yake sina hata neno moja, maana hakupenda kurekodi ujumbe, alisema ni kuzungumza na mashine. Akitaka kukwambia jambo alipiga simu, au alikuja. Nilipolitambua hilo, nilikumbuka yule bi kizee wa redioni. Duniani hapakuwa na sauti iliyomkaribia mama kuliko ile. Niliitafuta mitandaoni, nikaenda mpaka kituoni, na msichana wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba vipindi vya zamani havikuhifadhiwa. Nikatoka pale natamani kwa moyo wote kusikia kitu kilichomuumiza mama yangu.

Mwaka huu nilikwenda stesheni ya treni ya Miritini kumsindikiza binti yangu, aliyekuwa akirudi chuoni Nairobi. Tulikuwa tumepanga mizigo chini ili mbwa wa polisi wainuse, ndipo nikasikia mtu pembeni yangu akizungumza na askari. Nilimjua kabla sijageuka. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, amevaa kanzu iliyokunjika kwa safari.

Nikamtolea salamu, akaitikia.

"Wewe ndiye uliyekuwa redioni," nikasema.

"Nilikuwa," alijibu akitabasamu.

"Mama yangu alikusikiliza kila siku. Yule bi kizee wako alimuumiza sana."

Tabasamu likamtoka. Nilidhani atajitetea. "Yu hai?" akaniuliza.

"Ametangulia."

"Mungu amrehemu. Ile sauti ilikuwa ya mama yangu. Na yeye alipewa leso. Aliposikia kipindi alininunia, hata chakula chake akaninyima."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaweka miaka mingi. Yaliyonitoka ni mengine. "Nifanyie tena. Neno moja tu."

Aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, midomo ikafunguka. Nikasogea. Kisha akatikisa kichwa.

"Haiji, dada yangu. Tangu nimzike haiji. Nikijaribu, najisikia mimi mwenyewe tu."

Akaniinulia macho. "Lakini siku nyingine mama yako alicheka?" akauliza.

"Alicheka. Alicheka mno."

Askari akatuambia tuchukue mizigo. Yule mtu alinyanyua begi lake, akaniaga kwa mkono kifuani, akaingia.

"Nani yule, mama?" binti yangu akauliza.

"Alikuwa akitangaza redioni zamani. Akiwacheka wanasiasa."

"Alikuwa mzuri?"

"Sijui," nikamjibu, na mpaka leo sijui. "Ila nina hamu naye."

Akanikumbatia, akaliburuta sanduku lake kuelekea mlangoni.