Kaseti ya Mama

Zamani zile, mama zetu wa Kotile hawakuandikiwa barua. Barua ingesomwa na nani? Ukimkumbuka mama, ulinunua kaseti, ukaweka redio mbele ya mdomo, ukaongea. Kaseti ilipandishwa lori la mifugo, na ikifika nyumbani haikusikilizwa na mtu mmoja. Jirani wote walikaa chini wakasikia. Kisha mama aliongea jibu juu ya kaseti hiyo hiyo, na lori likairudisha.

Ilikuwa na adabu zake. Kwanza ulijitambulisha: wewe nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, mpaka uguse babu ambaye hukumwona. Tena hukutuma kaseti nusu tupu. Hiyo ilikuwa kama kumrudishia jirani sahani bila kitu ndani.

Adabu hizo mbili ndizo zilizonitia matatani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, Garissa, miaka ya tisini. Nilimwongelea mama salamu, nikajitambulisha vizuri, nikamaliza, na upande wa kaseti ulikuwa bado mrefu. Mwenzangu wa kitanda cha juu akasema tuujaze. Huyo alikuwa na kipaji cha kuwaigiza watu, Mungu amsamehe. Alimwigiza mkuu wa chuo, mtu wa milimani huko, ambaye kila asubuhi alitutangazia kwamba maji ya kuoga hakuna, ilhali sukuma wiki nyuma ya nyumba yake zilinyweshwa mpaka zikang'aa. Alitangaza kwa sauti ile ile ya puani kwamba kuanzia leo wanafunzi wataoga kwa zamu na sukuma wiki, sukuma wiki wakitangulia. Chumba kizima kilicheka, nami nikicheka zaidi ya wote. Wadogo zangu waliojua Kiswahili wangefurahi.

Kaseti haikufika Kotile. Dereva wa lori aliijaribu kwenye hoteli ya chai mjini, watu wakavunjika mbavu, wakamwomba awaachie kidogo. Ikatoka hapo ikapita mkono kwa mkono, ikaenda mpaka Hagadera, kambi ya wakimbizi, ikarudi. Mwishowe iliwekwa juu ya meza ya mkuu wa chuo.

Hebu fikiri. Sauti ya dhihaka haikuwa yangu, lakini kabla yake kulikuwa na jina langu, la baba yangu, na la babu wa babu yangu. Nani mwingine duniani hutukana akiwa amejitambulisha namna hiyo?

Kamati ya nidhamu ilinikalisha kwenye kiti katikati ya ofisi. Mkuu hakupiga kelele. Alisema nina njia mbili. Niwataje waliokuwa chumbani, hasa huyo mwigizaji, nami nitapewa adhabu ndogo. Nikinyamaza, kaseti itapelekwa Nairobi pamoja na jina langu, na ualimu nitausikia kwa wengine. Mzazi wangu aitwe, na akifika nitoe jibu.

Siku za kumngoja mama zilikuwa mbaya. Sikuruhusiwa kutoka wala kuingia darasani. Nilizunguka kati ya bweni na ua kama mbuzi wa kuchinjwa. Nilipokaribia lango, mlinzi, mzee wetu wa hapo hapo Garissa, alinizuia kwa huruma.

"Rudi ndani, mwalimu. Wewe habana toka."

Kuniita mwalimu wakati ule kuliniuma kuliko tusi. Nyumbani kwetu hakujawahi kutoka mwalimu. Mama alishaanza kuwaambia watu kwamba nitafundisha shule ya Kotile, na watoto wataacha kupigwa na walimu wasiojua lugha yao. Ningemwambia nini? Lakini pia ningemtajaje mtu niliyekula naye sinia moja tangu siku ya kwanza?

Mwigizaji mwenyewe nilimngoja aseme neno. Alianza kula meza nyingine. Usiku aliingia kitandani akiwa tayari amefumba macho. Nilimchukia, nasema wazi, na bado sikuweza kumtaja.

Mama alifika na vumbi la njiani kwenye shela yake. Mwalimu wa dini, Msomali mwenzetu, aliwekwa mkalimani. Mama aliomba kwanza asikie kaseti, maana ilikuwa yake. Wakaiweka. Salamu zangu alizisikia mara ya kwanza mbele ya kamati, na kila nilipomwombea afya aliitikia amina, kana kwamba yuko kwake. Dhihaka nayo aliisikiliza mpaka mwisho.

Kisha nikatolewa nje, nikakaa juani. Yaliyofuata alinisimulia mwalimu wa dini.

Mama alisema barua ya mwanawe imechelewa lakini imefika, basi aruhusiwe kujibu. Mkuu akadhani anataka kuomba radhi, akaona itamfaa kuwasikilizisha wanafunzi asubuhi. Akamsogezea redio. Mama akairudisha kaseti nyuma, akasikiliza kidogo, akasimamisha pale salamu zangu zilipoishia. Akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, akaongea. Aliongea sana. Mwalimu wa dini aliona kila kitu, akatazama dari.

Mkuu alipotaka kamati isikie ushahidi tena kabla ya kuandika Nairobi, alisikia habari za mvua na mbuzi waliozaa.

Nairobi hapangeweza kupelekwa mbuzi. Nilipewa onyo kali na kufungiwa ndani ya chuo mpaka muhula uishe, na kaseti nikatupiwa. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama kama alikusudia. Alinishangaa. Kaseti hujibiwa pale salamu zinapoishia, alisema, kwani wewe hukufunzwa?

Mama alipanda lori alasiri ile ile. Niliporudi bwenini wote walikuwa wakinisubiri, naye mwigizaji akiwa kitandani kwake juu. Kaseti ya nyumbani husikilizwa na wote, kwa hiyo nikaiweka. Mbuzi, mvua, dada yangu amepona jicho. Halafu sauti ya mama ikashuka kidogo, akiniita hooyo, yaani mama, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao.

"Hooyo, huyo kijana wa kuigiza anajua. Nusura nicheke mbele ya wakubwa. Msalimie. Nilidhani nitamkuta hapa amekaa nawe, nimekuona peke yako. Muulize mama yake anakaa wapi. Nikipita huko nitamwambia mwanawe ni mzima, na bado anasoma."

Hakuna aliyecheka. Juu yangu kitanda kililia kidogo. Lilikuwa joto lile la Garissa ambalo hata shati humshinda mtu, na yeye alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani.