Puto Lililoonekana na Mtu Mmoja

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Machi 1989, tulikuwa watu wanne katika kituo cha hali ya hewa: mkuu wa kituo, aliyepokea ishara za redio karibu na dirisha, mpima pembe tuliyemwita Kobe, kwa kuwa alishinda ameinamia darubini ya kulifuatia puto angani, mimi, niliyeandika vipimo, na dada wa mke wangu, aliyejaza maputo gesi. Huyo tulimwita Mama Pumzi.

Kwa miaka kumi na tisa alijaza puto kila asubuhi ndani ya kibanda, akalifunga shingo kwa uzi, akaning'iniza kifaa cha kupimia, kisha akaliachia. Uzito wake aliujua kwa mkono, kama mama anavyoujua wa mwanawe. Hata hivyo hakuwahi kuona hata moja likipasuka. Hilo lilikuwa fungu la Kobe.

Sasa presha ya macho ilikuwa imeua jicho la kulia la Mama Pumzi, na la kushoto lilibakiwa na tundu dogo katikati. Daktari alimwambia kwamba hata hilo litafunga kabla ya mwaka kwisha.

"Kobe, mdogo wangu," alisema puto lilipokwisha kuruka, "leo nipishe. Nataka kuona linavyokufa."

"Dada, ukilipoteza mara moja hulipati tena, na kazi yote inaharibika. Halafu kwa macho hayo..."

"Macho haya yanaona kama kwa bomba. Na hiyo darubini yako ni nini, sufuria?"

Mkuu alicheka dirishani. Kobe hakucheka.

Anga lilikuwa safi, bila wingu wala upepo.

"Kilomita kumi na sita!" mkuu alitangaza. "Baridi nyuzi themanini chini ya sifuri!"

Kisha likaja jambo ambalo sikuwahi kulizoea. "Joto linapanda!" Puto lazidi kwenda juu, nayo baridi yapungua, kwa sababu limeingia katika ozoni, gesi inayoipokea miale mikali ya jua isije ikatuunguza, na hewa ya huko ikapata joto kwa kazi hiyo. Ngao yenyewe, lau ingekusanywa yote na kutandazwa hapa chini, isingezidi unene wa sarafu mbili.

Kobe aliinua kichwa, mikono yake ikiwa bado kwenye vigurudumu vya darubini. "Njoo upesi. Mikono yangu, jicho lako. Niongoze, wala usipepese."

Mama Pumzi akainama.

"Silioni."

"Tulia, dada."

"Silioni, Kobe... Ngoja. Lo! Shanga nyeupe! Inakwenda kushoto. Kushoto, baba, si huko! Juu kidogo. Hapo hapo."

Wakaendelea hivyo, yeye akiongoza, Kobe akizungusha na kunisomea pembe, nami nikiandika. Hakikukosekana kipimo hata kimoja.

"Kilomita ishirini na tisa!" mkuu alitangaza.

Puto lililotoka mikononi mwake na upana wa mlango sasa lilikuwa na upana wa nyumba, maana hewa ya kulibana ilikuwa karibu kwisha. Huko mbingu ni nyeusi mchana. Na bado mawe yatokayo angani huungua juu zaidi ya hapo, kwa kuigonga hewa nyembamba kuliko hiyo.

Sisi watatu tulitazama juu kwa macho mazima, tukaona samawati tupu.

"Limechanua," Mama Pumzi alisema kwa sauti ndogo. "Vipande vinameta. Hamsikii kitu?"

"Hatusikii," nilijibu.

"Basi mimi nimeona kishindo, shemeji, na hakina sauti."

Mkuu alitangaza kwamba kifaa kimeanza kushuka. Mama Pumzi hakuinua kichwa. Kobe aliendelea kuzungusha vigurudumu taratibu, akivifuata vile vipande alivyoelekezwa, ingawa hapakuwa tena na cha kupima.

Jicho la kushoto lilifunga mwezi wa Oktoba, naye akaacha kazi. Kituoni tulibaki watatu: mkuu, Kobe na mimi.