Bibi alivyong'oa chakula cha ng'ombe kabla ng'ombe hajafika

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, ingawa kwa komenti ninazozisoma nadhani mmebaki wachache.

Kila siku naona vijana mnaulizana: nianze na ng'ombe wangapi, breed gani, banda la mbao au la tofali. Leo acha niwasimulie sisi tulivyojiandaa kuanza, kule milimani Lushoto, upande wa Mlola, enzi za Ujamaa. Nilikuwepo, nimeona kwa macho haya haya, na chumvi nimeiacha jikoni.

Vuteni kigoda.

Nyumbani tulikuwa Baba, Mama, sisi watoto, na Bibi mzaa Baba. Nilikuwa shule ya msingi.

Miaka ya nyuma Mama alikuwa anatunza ng'ombe wa jamaa mmoja wa Mponde. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu anaweka ng'ombe wake kwako, wewe unamlisha, unapata maziwa na mbolea, yeye anabaki na mali yake. Siku moja mwenyewe akaja, akafungua kamba, akaondoka naye kwenda kumtolea mwanawe mahari. Hakukosea, ng'ombe alikuwa wake.

Mama alilia wakuu. Sijawahi kumwona akilia vile hata msibani. Toka siku hiyo wimbo wake ukawa mmoja: nataka ng'ombe ambaye hakuna mtu atakuja kumfungua kamba.

Basi ikaja habari kijijini kwamba italetwa mitamba michache ya ng'ombe wa kisasa, yaani majike machanga ambayo hayajazaa. Watagawiwa familia zilizojiandaa. Bwana mifugo wa kutoka Lushoto atapita na pikipiki yake kukagua. Masharti: uwe na banda, uwe na maji karibu, na uwe umepanda majani. Ng'ombe hatoki nje kuchunga, anakatiwa humo humo. Ndiyo hiyo zero grazing mnayoiona mpya leo.

Mama hakulala. Baba naye akaingia kazini.

Banda lilisimama kwa miti ya mkaratusi. Saruji kipindi hicho ilikuwa bidhaa ya kusikia tu, kwa hiyo sakafu tukaitandika mawe bapa, tuliyabeba kichwani kutoka mtoni siku baada ya siku. Hadi leo utosi wangu uko flat, msicheke.

Bibi alikuwa anatuangalia tu. Siku moja akaniuliza, "Huyo ng'ombe atakaa humo ndani siku zote?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ameiba nini?"

Majani sasa. Tulipanda majani ya ng'ombe yaitwayo guatemala kwenye kingo za matuta, katikati ya shamba la maharage. Baba alileta vipando kutoka kwa rafiki yake wa Malindi ya huku huku Lushoto, akavipanda jioni jioni akitoka kazini. Vikashika. Mvua ikanyesha, vikatoa majani ya kijani kibichi, unaona raha mwenyewe.

Hapa niweke nukta moja kwa wasiotujua Wasambaa. Shamba lenye majani ni aibu. Mke anasemwa, mume anasemwa, hadi marehemu wa ukoo wanatajwa. Kumwambia Msambaa apande majani shambani kwa makusudi ni kama kumwambia amwage uchafu sebuleni.

Na nukta ya pili. Mke hampangii mama mkwe wake kazi. Kwa hiyo Mama alikaa akijua Baba amemweleza mama yake habari ya yale majani. Baba naye alikaa akijua wanawake wako pamoja jikoni kutwa, lazima wameshaongea.

Nadhani mmeanza kuona tunapoelekea.

Siku ya gulio tukaenda wote sokoni Mlola. Bibi akabaki. Ilikuwa imebaki siku moja tu bwana mifugo afike.

Tuliporudi, shamba lilikuwa safi wakuu. Safi! Hata unyasi wa kuchokonolea meno hukuuona. Guatemala yote imeng'olewa na mizizi yake, imekung'utwa udongo, imerundikwa njiani na kuchomwa jua kutwa nzima.

Bibi amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, jembe pembeni, anang'aa kwa furaha. Akasema, "Niliona mmezidiwa na kazi ya banda. Majani yalikuwa yanawaaibisha, wanangu. Nimewasafishia."

Baba akalitazama shamba. Akamtazama mama yake. Mwanaume yule alikuwa mzee wa kanisa, na siku ile nilimwona akimeza kitu kikubwa kuliko koo lake. Akasema, "Ahsante mama. Umetusaidia sana."

Mama akatua mzigo na kuzunguka nyuma ya banda. Nikamfuata nikidhani analia. Alikuwa ameuma kanga anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, na mimi nikashindwa kujua nimpe pole au nicheke naye.

Kwa kweli ilikuwa hali mbaya. Bila majani hakuna ng'ombe. Na hata tukipanda upya, Bibi atang'oa tena kwa upendo ule ule!

Baba akamwambia Mama, "Ongea naye."

Mama akasema, "Nimwambie nini mama yako? Mimi?"

Wakasukumiana hivyo mpaka Mama akachoka. Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mkwe wake. Hakumlaumu wala hakumtajia kosa.

"Mama, kesho anakuja mtu wa ng'ombe. Sisi tumejenga tu, hatujakuuliza wewe unayejua ng'ombe kabla hatujazaliwa. Tusamehe."

Bibi akafurahi kuulizwa. Akaanza kushauri habari za chumvi, habari za kupe, habari za kulala chini pakavu. Halafu akauliza lile lile tulilokuwa tunaliogopa:

"Na atakula nini humo ndani?"

Mama akainamisha kichwa. "Mama, yale majani..."

Bibi akaangalia jembe. Kisha akapiga ukelele ambao jirani walidhani kuna msiba, na baada ya ukelele akaanza kucheka mpaka kilemba kikadondoka. "Na mmeniacha! Mtu mzima nang'oa chakula cha mgeni, na mwanangu ananiambia ahsante!"

Baba aliyekuwa nje akaona kuna haja ya haraka ya kwenda kuangalia banda.

Asubuhi na mapema Bibi alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake wenzake, akijitangaza mwenyewe kosa lake huku wanacheka. Wakaja na vipando walivyokata kwenye makinga maji yao. Tulipanda wote, na kufika mchana kingo zilikuwa zimejaa tena, ila vimajani vimelala kama vimelewa.

Bwana mifugo akafika. Akasifu banda. Akasifu mawe. Akashuka shambani, akagusa udongo mbichi.

"Mzee, haya yamepandwa lini?"

Baba kusema uongo hawezi, na kusema ukweli ni kumtaja mama yake. Akabaki anakohoa.

Bibi akasogea. "Leo. Ya kwanza niliyang'oa mimi jana tu hapa, hawakuniambia. Sasa wameniambia."

Jamaa alicheka mpaka akashika mti wa banda. Lakini kazi ni kazi. Akasema hawezi kupitisha majani ya asubuhi, mtamba wa awamu ile ataenda kwa wengine. Ila akamgeukia Bibi, "Bibi, nikirudi nitakagua majani, na nitamuuliza mtu mmoja tu. Wewe."

Mama aliumia, sitawaficha. Usiku huo hakula.

Lakini wakuu, mngemwona Bibi baada ya hapo! Yale majani aliyalinda kuliko maharage. Mbuzi wa jirani akisogea, mawe. Mimi nikikanyaga, fimbo. Awamu iliyofuata bwana mifugo alikuta yanamfika Bibi kiunoni, akauliza maswali yake, akajibiwa mpaka akachoka yeye.

Mtamba akaja. Akapandishwa, akazaa. Siku Mama alipomkamua mara ya kwanza alikaa na chombo mapajani muda mrefu, maziwa yanatoa mvuke. Bibi alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Akamkabidhi Mama ile kamba mkononi, akamwambia, "Shika mwanangu. Hii hakuna wa kuja kuifungua."

Nimeandika hapa nimesimama kidogo kufuta miwani.

Somo langu kwa vijana: majani kwanza, banda pili, ng'ombe mwisho. Lakini kabla ya vyote hivyo, watu. Heshima ya kunyamaziana imewahi kuua miradi mingi kuliko ugonjwa wa ndigana.

Haya, uwanja wenu. Wewe unayepigilia misumari ya banda sasa hivi, nani hapo nyumbani hujamwambia?